Mtoto Akikoroma, Tusimsifie Usingizi

Daktari wa watoto anapomuuliza mama, "Mtoto analalaje?", jibu alilolizoea ni hili: "Analala vizuri tu, daktari, tena usingizi mzito. Anakoroma kabisa." Mama hadanganyi. Ndivyo wengi wetu tulivyokua tukiamini, kwamba anayekoroma amechoka, na sasa anapumzika. Bibi akimsikia mjukuu wake anakoroma, huwaambia waliobaki sebuleni wapunguze sauti ya televisheni. Asubuhi wajomba wanacheka kwamba usiku kucha lori lilikuwa linapanda mlima humo chumbani. Mtoto mwenyewe anacheka nao, kisha anakunywa chai akiwa na macho mazito na kwenda shule.

Hakuna anayefikiri kwamba usiku huo mtoto alikuwa akipigania pumzi.

Mafua yakimbana, mtoto yeyote anaweza kukoroma siku mbili tatu, na hilo halina neno. Ninayemzungumzia hapa ni yule anayekoroma usiku mwingi wa wiki, mwezi baada ya mwezi, akiwa hana mafua wala homa. Takriban watoto 10 kati ya 100 hukoroma kwa namna hiyo. Kati ya hao 100, mmoja hadi watano wana tatizo kubwa zaidi: wakishalala, njia ya hewa kooni inaziba, nusu au yote, pumzi inakatika, ubongo unashtuka na kuwaamsha kwa sekunde chache ili wavute hewa, wanasinzia, inaziba tena. Mchezo huo unaweza kujirudia mara nyingi ndani ya saa moja. Tukichukua darasa lenye wanafunzi 100, na shule za msingi zenye madarasa ya namna hiyo tunazo, basi humo mna mtoto mmoja hadi watano ambao tangu walale jana hawajapumzika.

Mzazi anayetaka kujua ukweli wa mwanawe asimchungulie saa 3 usiku, mtoto anapokuwa ndiyo kwanza amelala. Aamke saa 9 au saa 10 usiku. Usingizi wa ndoto huzidi kuelekea alfajiri, na ndani ya usingizi huo misuli ya koo hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Awashe taa ya simu na kuielekeza ukutani, afunue chandarua polepole, amtazame kwa dakika 10 bila kumgusa. Mtoto mwenye tatizo hili mara nyingi utamkuta ameukimbia mto, kichwa amekirudisha nyuma na shingo ameinyoosha, maana mwili wenyewe umegundua kwamba ukilala hivyo njia inafunguka kidogo. Wengine hulala kifudifudi wakiwa wamebinua makalio, au hukaa kabisa na kuegemea ukuta. Mdomo u wazi. Shuka imelowa jasho hata kama feni inazunguka. Mtazame kifua: tumbo linapopanda, kifua chenyewe kinabonyea kuelekea ndani, na pale chini ya koo panaingia shimo. Halafu mkoromo unakatika ghafla. Wengi tukisikia ukimya huo tunashukuru kwamba sasa ametulia. Endelea kumtazama. Tumbo bado linahangaika, ila hakuna hewa inayopita. Zinapita sekunde tano, saba, kumi. Kisha anakurupuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka upande wa pili, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi ukimuuliza hakumbuki chochote.

Kwa watoto, chanzo kikubwa cha hali hii ni vitu viwili tunavyovijua kwa majina: tonsesi, zile nyama mbili zilizokaa kulia na kushoto mwa koo, na nyama za puani, zinazojificha nyuma ya pua juu ya kaakaa, mahali ambapo hata mtoto akipanua mdomo kiasi gani huwezi kuziona. Zote ni sehemu ya kinga ya mwili na kila mtoto anazaliwa nazo. Shida ni kwamba kati ya umri wa miaka 2 na 8 hukua kwa kasi huku njia yenyewe ya hewa ikiwa bado nyembamba. Mafua ya kila mara na mzio wa vumbi huzidisha uvimbe. Mtoto akiwa macho, misuli ya koo inaishikilia njia iwe wazi, ndiyo maana mchana anakimbia na kupiga kelele kama wenzake na hakuna anayemtilia shaka. Akilala, ile misuli inaachia.

Kipimo cha watoto nacho si cha watu wazima. Kwa mtu mzima, pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikikosekana kwa sekunde 10, na kukatika chini ya mara tano kwa saa huhesabiwa kuwa kawaida. Mtoto hana akiba ya hewa ya kiasi hicho. Akikosa pumzi mbili tu mfululizo inahesabika, na ikitokea zaidi ya mara moja kwa saa, si kawaida. Tofauti nyingine ndiyo inayotupoteza zaidi. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu husinzia ofisini na hata kwenye usukani. Wapo watoto wanaosinzia pia, lakini wengi hufanya kinyume chake: hawatulii, wanakatiza mazungumzo, wanagombana, wanalia kwa jambo dogo, wanasahau walichotumwa kabla hawajafika mlangoni. Mwili uliochoka wa mtoto hujiendesha kwa fujo, na fujo hiyo tunaiita utundu.

Madaktari walianza kuliona jambo hili zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1889 William Hill aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa akili shuleni, akaihusisha hali yao na kuziba kwa pua na koo. Miaka mitatu baadaye William Osler, katika kitabu chake cha tiba kilichosomwa na madaktari wa vizazi kadhaa, alimweleza mtoto mwenye tonsesi kubwa za muda mrefu: mdomo wazi, uso uliopooza, usiku anakoroma na kuhangaika, darasani mzito. Baada ya hapo jambo likafifia kwa miaka mingi. Mwaka 1965 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watoto ambao upande wa kulia wa moyo ulikuwa umevimba na kuanza kushindwa kazi, na kilichofanya hivyo kilikuwa ni tonsesi na nyama za puani tu. Zilipotolewa, moyo ukarudi katika hali yake. Ilipofika 1976, Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walitoa taarifa ya watoto 8 waliopimwa usingizini usiku kucha, na kukatika kwa pumzi ya watoto kukaingia rasmi kwenye vitabu vya tiba.

Utafiti uliowashtua walimu zaidi ni wa David Gozal, uliochapishwa mwaka 1998. Aliwachukua watoto 297 wa darasa la kwanza nchini Marekani, wote wakiwa wale wa mkiani, asilimia 10 ya mwisho kwa alama. Walipopimwa usiku, 54 kati yao, yaani asilimia 18, walikuwa na kasoro ya upumuaji usingizini. Wazazi wa watoto 24 walikubali wafanyiwe upasuaji. Mwaka uliofuata alama za hao 24 zilipanda, na za wale ambao hawakutibiwa zilibaki palepale.

Ningeweza kuishia hapo na makala ingependeza. Lakini nisingemtendea haki mzazi, kwa sababu wapo watakaomuuzia upasuaji kama dawa ya kufaulu mtihani. Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa na makini zaidi, wenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu walisubiri miezi saba wakiwa chini ya uangalizi. Katika majaribio rasmi ya umakini wa akili, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiwango cha kuhesabika. Tofauti ilijitokeza mahali pengine: tabia nyumbani na shuleni, hali ya maisha ya kila siku, na usingizi wenyewe. Kwa waliofanyiwa upasuaji, watoto 79 kati ya 100 vipimo vyao vya usiku vilirudi kuwa vya kawaida. Kwa waliosubiri, 46 kati ya 100 walipona bila kisu. Mwaka 2023 ulifuata mwingine wa watoto 459 ambao tatizo lao lilikuwa dogo, nao ukasema karibu yaleyale: majaribio ya akili hayakubadilika sana, ila dalili, tabia na shinikizo la damu viliboreka.

Kwangu mimi tafiti hizi hazigombani. Zinasema kwamba si kila mtoto anayekoroma anahitaji kisu, na kwamba kwa wengine kusubiri huku wakifuatiliwa na daktari ni tiba halali. Zinasema pia kwamba mtoto anaweza kupona na bado akapata alama zilezile za hesabu. Sioni ubaya wowote hapo. Kupumua usiku ni haki yake hata kama hatapanda nafasi moja darasani.

Sasa turudi kwa mwalimu, maana yeye ndiye anayekaa naye muda mrefu zaidi mchana. Ana wanafunzi 80 mbele yake, mtaala wa kumaliza, na mtoto mmoja wa dawati la nyuma ambaye kila siku saa 5 asubuhi kichwa kiko juu ya daftari. Mwalimu anamwita mzembe. Siku nyingine mtoto huyohuyo anarusha vitu na kuwasumbua wenzake, anaitwa mtukutu. Fimbo inafuata. Nimewahi kuona ripoti ya shule iliyoandikwa "ajitahidi, apunguze uvivu" muhula baada ya muhula, kwa mwandiko wa walimu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mtoto analala saa ngapi na analala vipi. Siwalaumu walimu peke yao. Sisi nyumbani ndio tunaomsikia akikoroma, na hatusemi.

Mwalimu ana ugumu mwingine wa haki kabisa, nao ni kwamba watoto wengi wa mjini wana usingizi kwa sababu hawapewi muda wa kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Dar es Salaam basi la shule linampitia mtoto saa 11 alfajiri ili lizunguke mitaa yote kabla ya foleni. Kuoga na kuvaa kunamtaka aamke saa 10 na nusu. Jioni anarudi kwenye tuisheni, kazi za nyumbani, na televisheni inayowaka chumba kilekile anacholala. Akilala saa 4 usiku amepata saa sita na nusu. Kenya iliandika katika kanuni zake za elimu ya msingi za mwaka 2015 kwamba masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi, lakini kanuni haimfikii mtoto ambaye tayari yuko ndani ya basi gizani.

Likizo ndiyo inayowatofautisha watoto hawa wawili. Mtoto aliyenyimwa muda akilala anavyotaka kwa wiki mbili hubadilika kabisa. Anachangamka, ugomvi unapungua. Mtoto ambaye pumzi inakatika anaweza kulala saa 11 mfululizo na bado akaamka na kichwa kinachouma, mdomo mkavu na hasira. Mzazi akiona hivyo asihangaike tena na ratiba. Aende kwa daktari.

Yapo mambo mengine mawili ya usiku ambayo hatuyaunganishi na pumzi. La kwanza ni kukojoa kitandani. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kisha akaanza tena akiwa darasa la pili au la tatu, na huku anakoroma, hastahili kuanikiwa godoro barabarani watu wamwone. Kifua kinapovuta hewa dhidi ya koo lililoziba, moyo unatanuka na kutoa homoni inayoziambia figo zitengeneze mkojo zaidi, na huyu ni mtoto ambaye usingizi wake umevurugika kiasi cha kutosikia kibofu kikijaa. Watoto wengi wa aina hii huacha kukojoa kitandani wakishatibiwa koo. Mtoto kama huyu wenzake humtungia nyimbo za kejeli, na ndugu zake hugoma kulala naye. Aibu hiyo anaibeba miaka mingi kwa kosa ambalo si lake.

La pili ni kuweweseka. Mtoto anakaa kitandani usiku, macho wazi, anapiga mayowe, anamtazama mama yake bila kumtambua. Mwingine anainuka na kutembea hadi mlangoni. Familia inaingiwa na hofu, na si ajabu hatua ya kwanza ikawa kombe, hirizi au maombi ya usiku. Sina ugomvi na dua ya mzazi kwa mwanawe. Ila mwaka 2003 Guilleminault na wenzake walieleza watoto 84 waliokuwa wakiweweseka na kutembea usingizini. 49 kati yao waligundulika kuwa na tatizo la kupumua usiku. Kila pumzi inapokatika, ubongo unaamka nusu, na nusu hiyo ndiyo tunayoiona ikipiga mayowe. Waliotibiwa koo, kuweweseka kukaisha. Basi dua iombwe, na koo nalo liangaliwe.

Kuna jambo la kwetu ambalo siwezi kulipita: kukata kimeo. Mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika, akidhoofika, au akikoroma na kupumua kwa shida, mikoa mingi ya Tanzania atatokea shangazi au jirani wa kusema kwamba kimeo kimerefuka na kinamkaba. Anapelekwa kwa mtu anayekata, mara nyingi nyumbani kwake, kwa kifaa ambacho jana kiliingia kinywani mwa mtoto mwingine. Mtoto anashikwa mikono na miguu, mdomo unapanuliwa, kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa kaakaa kinakatwa bila ganzi. Hospitali hupokea watoto waliomwaga damu hadi wakaishiwa, wenye usaha kooni, wenye maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na wengine hufa. Madaktari na Wizara ya Afya wamelikemea hili mara nyingi.

Ninaloomba lieleweke ni kwamba hata ukiacha hatari zote hizo, pale si mahali penye ugonjwa. Kimeo hakisababishi kikohozi sugu. Kikohozi kinaweza kuwa pumu, nimonia au kifua kikuu, na kila wiki inayopotea kwa mkataji ni wiki ugonjwa wenyewe unakua. Kwa mtoto anayekoroma, kinachoziba ni tonsesi zilizoko pembeni na nyama zilizoko juu nyuma ya pua, ambazo mkataji hazioni wala hazifikii. Kovu analoliacha kooni linaweza kuifanya njia iwe finyu kuliko alivyoikuta. Najua kwa nini wazazi wanakwenda: mkataji yuko mtaani, bei yake inajulikana, na hakuna foleni. Mtu akiwa na mtoto anayekabwa usiku atakimbilia mlango ulio karibu. Kumtukana hakusaidii. Kinachosaidia ni zahanati iliyo karibu naye iwe na mtu anayejua kumulika koo na kumwambia mama aende wapi.

Kundi moja la watoto linahitaji kuangaliwa kwa ukali zaidi, nalo ni wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, takriban 11,000 kila mwaka. Tonsesi na nyama za puani hukua mara nyingi kwa watoto hawa, na kwao kila tone la oksijeni lina thamani ya pekee, kwa sababu chembe zao za damu hujipinda hasa pale oksijeni inapopungua. Mwaka 2001 Fenella Kirkham na wenzake wa London walionyesha katika jarida la Lancet kwamba watoto wenye selimundu ambao oksijeni yao hushuka usiku walipata zaidi matatizo ya ubongo, kiharusi kikiwemo. Mama wa mtoto mwenye selimundu hujua kumkinga na baridi, malaria na kiu. Aongeze na hili: kama anakoroma, siku ya kliniki amwambie daktari hata kama hakuulizwa.

Moshi nao una sehemu yake. Sigara inayovutwa ndani, jiko la mkaa chumbani siku za mvua, dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka usiku kucha karibu na mto wa mtoto, vyote huwasha pua na koo na kuzidisha uvimbe. Mijini umeingia unene pia. Mtoto wa soda na chipsi za kila siku hujaza mafuta shingoni, na kwake hata tonsesi za kawaida zinatosha kuziba njia.

Utambuzi unaanza na kitu ambacho karibu kila nyumba inacho. Kipimo kamili cha usingizi, chenye waya kichwani, kifuani na kidoleni usiku mzima, ni adimu katika nchi zetu na ni ghali. Lakini daktari akionyeshwa video ya simu ya dakika mbili tatu, iliyochukuliwa alfajiri, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, anaona mambo ambayo mama angeshindwa kuyaeleza kwa maneno. Piga video hiyo usiku tofauti, kwa sababu tatizo halifanani kila siku. Daktari ataangalia koo kwa tochi. Nyama za puani ataziona kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani au kwa X-ray ya shingo iliyopigwa kwa upande. Kuna pia kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni, tulichokizoea wakati wa korona. Chenye uwezo wa kutunza kumbukumbu ya usiku kucha kinaweza kuonyesha oksijeni ikishuka na kupanda kwa makundi. Kisiposhika kitu haimaanishi mtoto hana tatizo, ila kikishika hakuna ubishi.

Tiba inategemea ukubwa wa shida. Wenye tatizo dogo, hasa wenye mzio, hupewa dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa na kufuatiliwa. Wenye tatizo kubwa hutolewa tonsesi na nyama za puani kwa pamoja, chini ya usingizi wa dawa, na daktari bingwa wa pua, masikio na koo. Mabingwa hao ni wachache na wengi wako hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, kwa hiyo mzazi wa wilayani ajiandae kwa rufaa, nauli na kusubiri. Mwenye selimundu huandaliwa kwa namna ya pekee kabla ya upasuaji, na mtoto mdogo wa chini ya miaka 3, mnene sana, au ambaye pumzi yake ilikuwa inakatika vibaya anapaswa kulala hospitali usiku ule, chini ya macho ya wauguzi.

Akisharudi nyumbani baada ya upasuaji, mpe uji uliopoa, maji na vyakula laini, hata kama analia kwamba kumeza kunauma; asiyemeza anakauka na kupona kunachelewa. Damu inaweza kutoka siku ya kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 gamba linapobanduka. Ikitoka, usisubiri asubuhi. Maumivu yapozwe kwa dawa alizoandika daktari, na kamwe isiwe dawa yenye kodeini, hata ile ya maji ya kikohozi iliyobaki kabatini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013 baada ya vifo vya watoto waliopewa kodeini wakiwa wametoka kutolewa tonsesi, na mwaka 2017 ikaikataza kwa watoto wote wa chini ya miaka 12. Miili ya baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na pumzi inazimika. Watu wa namna hiyo wapo wengi zaidi upande wetu wa Afrika. Utafiti mmoja wa Ethiopia uliwakuta karibu asilimia 29.

Miezi miwili mitatu baadaye mzazi arudie ule ukaguzi wa alfajiri na kupiga video nyingine, kwa kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano hapati nafuu kamili kwa upasuaji peke yake.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kwamba kila mtoto anayefika kliniki aulizwe kama anakoroma. Hilo nasi tunaweza kulianza muhula ujao bila kununua hata kifaa kimoja. Fomu ya kujiunga na darasa la kwanza inauliza chanjo, kundi la damu, magonjwa ya kurithi na jina la mtu wa kupigiwa simu. Iongezwe mistari miwili: mtoto anakoroma usiku mwingi wa wiki? Umewahi kumwona pumzi ikikatika? Mwalimu wa afya akikuta "ndiyo" kwenye mstari wa pili, asiiweke fomu hiyo kwenye faili pamoja na nyingine. Amwite mzazi wiki hiyohiyo.